Contravene, breach, violate, infringe: uandike lipi, na kwa Kiswahili useme nini

Jirani yangu anauza vitenge kwenye fremu iliyo hatua chache kutoka hapa ninapofanyia kazi zangu za tafsiri. Jumatatu moja, hata kompyuta sijawasha, akaingia na bahasha ya kaki mkononi.

“Shikamoo mwalimu.”

“Marahaba mama. Mbona mapema?”

“Nimeletewa barua na mwenye nyumba, imetoka kwa wakili wake. Kijana wangu wa form four kanisomea, anasema nimevunja sheria ya nchi. Hebu niambie ukweli, nitapelekwa polisi?”

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, aya tatu. Aya ya kwanza ndiyo iliyomkosesha usingizi: “You have contravened clause 7 of the Lease Agreement.” Kifungu cha 7 cha mkataba wake wa pango kinasema mpangaji asimpangishe mtu mwingine sehemu yoyote ya fremu bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba. Yeye alikuwa amemruhusu binti wa dada yake aweke meza ya uwakala wa miamala ya simu pale mlangoni. Basi, kosa lenyewe ndilo hilo. Kijana alilitafuta neno kwenye kamusi ya simu, akakuta “kuvunja sheria”, akamletea mama yake taarifa ya msiba.

Kamusi haikudanganya, na wakili naye huwezi kusema kakosea moja kwa moja, maana wapo Waingereza wanaoandika hivyo hivyo. Ila angeandika “You are in breach of clause 7”, kijana angetafuta “breach”, angekuta “kuvunja mkataba”, na mama angelala. Maneno haya yanafanana kwenye kamusi kwa sababu yote yanatafsirika kwa “vunja” na “kiuka”. Hayafanani kazini. Na wanaoyaandika kila siku, yaani maofisa utumishi, makarani, wanafunzi wa sheria na sisi wa tafsiri, wengi tunayachagua kwa sikio: tunachukua lile linaloonekana zito zaidi. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa. Siku hizi najiuliza swali moja tu kabla ya kuandika: kilichovunjwa ni kitu gani? Ni maandishi ya sheria, ni ahadi kati ya watu wawili, au ni haki ya mtu? Jibu likipatikana, neno linajileta lenyewe.

Neno lenyewe limetoka wapi

“Contravene” ni Kilatini kilichopitia Kifaransa. “Contra” ni dhidi au kinyume, “venire” ni kuja. Kwa hiyo ndani yake mna picha ya mtu anayekuja kinyume, kama gari linaloingia njia ya upande mmoja kutokea mwisho wake. Ndugu zake mnawafahamu: “convene” ni kuja pamoja, ndiyo maana mkutano unakuwa “convened”; “intervene” ni kuja katikati; na “prevent” hapo kale ilikuwa kuja mbele, kutangulia. Nimeshaona kumbukumbu za kikao zilizosema mkutano ulikuwa “contravened” saa nne asubuhi. Mwandishi alikuwa na maana ya “convened”, lakini kwa jinsi kikao kile kilivyokwenda, labda alisema kweli bila kujua.

Picha hiyo ya kuja kinyume ndiyo ufunguo. “Contravene” haina uharibifu ndani yake. Hakuna kilichopasuka wala aliyeumia. Kuna mstari uliochorwa na kuna kitendo kilichokwenda upande usio wake. Ndiyo maana mtendaji wake si lazima awe mtu. Tangazo la biashara linaweza “contravene” kanuni, sheria ndogo ya halmashauri inaweza “contravene” sheria mama, ukuta uliojengwa kwenye hifadhi ya barabara unaweza “contravene” kanuni za ujenzi ukiwa umesimama tu kimya. “Break” haikubali hivyo kirahisi. “The fence breaks the regulations” inamkwaruza Mwingereza sikio, “the fence contravenes the regulations” inapita.

Kwa upande wa “break”, hilo ni neno la nyumbani. Mtoto ana-“break” amri ya mama, dereva ana-“break” sheria, mgombea ana-“break” ahadi. Halihitaji suti. Ukiandika ujumbe kwa rafiki au habari ya kawaida, andika “break” na usione aibu. “Contravene” mezani wakati wa chakula ni mzaha. Makazi yake ni sheria, kanuni, notisi, barua za ofisini na hukumu. Fomula yake maarufu kuliko zote ni ile ya mwisho wa vifungu vya sheria: “Any person who contravenes this section commits an offence.” Kwa Kiswahili cha sheria zetu: “Mtu yeyote atakayekiuka masharti ya kifungu hiki atakuwa ametenda kosa.”

Mara nyingi fomula hiyo huja na mkia: “contravenes or fails to comply with”. Kwa nini vyote viwili? Kwa sababu kuja kinyume ni kutenda kilichokatazwa, na kutotii ni kuacha kutenda kilichoagizwa. Ukivuta sigara palipoandikwa usivute, umekuja kinyume. Ukikaa bila kulipia leseni, hujaja popote, umekaa tu. Waandishi wa sheria hawataki mtu aponyoke kupitia mwanya huo. Kule Hong Kong sheria yao ya kufafanua maneno ya kisheria, Sura ya 1, imemaliza ubishi kwa kusema “contravene”, pale inapohusu sharti lililowekwa na sheria au leseni, inajumuisha pia kutotekeleza sharti hilo. Ukiwa mfasiri na umekutana na maneno yote mawili, usiyakunje kuwa “atakayekiuka” peke yake. Andika “atakayekiuka au kushindwa kutekeleza”. Hapo hakuna ruhusa ya kubana matumizi.

Contravene au breach

Hapa ndipo jirani yangu alipoumia, kwa hiyo nakaa kidogo.

“Breach” ni ndugu wa damu wa “break”, na maana yake ya kale inayoonekana kwa macho ni tundu lililobomolewa kwenye ukuta wa ngome. Kilicho kizima kimepata pengo. Mkataba ni ukuta ambao watu wawili wameujenga pamoja; mmoja akiacha kufanya alichoahidi, ameweka tundu. Kwa hiyo ukiona ahadi, mkataba, imani au siri, neno lako la kwanza liwe “breach”: “breach of contract”, “breach of trust”, “breach of confidence”.

Tofauti hii si ya mapambo, maana matokeo yake ni mawili tofauti. Anayekuja kinyume na kifungu cha sheria ana kesi na dola au na mamlaka: faini, kufutiwa leseni, wakati mwingine kifungo. Anayetoboa mkataba ana kesi na mwenzake. Kwa Tanzania, kifungu cha 73 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kinampa aliyeumizwa haki ya fidia kwa hasara iliyotokana na mkataba kuvunjwa. Fidia inakwenda kwa mtu. Hakuna polisi hapo, wala kijana wa form four hana sababu ya kumtisha mama yake.

Weka sentensi mbili kando kwa kando uone. “The contractor breached the agreement”: mkandarasi kavunja makubaliano, labda kachelewesha kazi, mwenye mradi ana haki ya kudai. “The contractor contravened the Act”: mkandarasi huyo huyo kaenda kinyume na sheria, labda amejenga bila kibali, na sasa anayemtafuta ni mwenye mamlaka. Mtu mmoja anaweza kuwa na makosa yote mawili kwa kitendo kimoja. Ukiyachanganya maneno, msomaji wako hajui anadaiwa na nani.

Kuna ubaguzi mmoja wa kukumbuka: “breach of the peace”. Hapo hakuna mkataba wa watu wawili, na bado neno ni “breach”. Bahati njema Kiswahili kimeshalitatua zamani: uvunjifu wa amani. Angalia pia kwamba tumesema “uvunjifu”, hatukusema “uvunjaji”. Uvunjaji unamtazama mvunjaji akiwa na nyundo mkononi. Uvunjifu unaitazama hali iliyobaki. Lugha yetu ina masikio makali kuliko tunavyoipa sifa.

Violate na infringe, na somo kutoka Katiba ya Kenya

Sijaona darasa zuri la maneno haya kuliko Katiba ya Kenya ya 2010. Ibara ya 22 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani akidai kwamba haki au uhuru wa msingi “has been denied, violated or infringed, or is threatened”. Kisha nenda mbele hadi Ibara ya 258. Nayo inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani, ila safari hii kwa kudai kwamba Katiba yenyewe “has been contravened, or is threatened with contravention”.

Waandishi walewale, hati ileile, na bado wamebadilisha neno. Haki ni mali ya mtu, ina mwenyewe wa kuumia, kwa hiyo inakuwa “violated” au “infringed”. Katiba kama maandishi haina mwili. Unakuja kinyume nayo. Ndiyo maana Ibara ya 2(4) nayo inasema kitendo chochote “in contravention of this Constitution” ni batili. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu haki ya faragha akasema “my right was contravened” hajavunja sarufi, lakini amejitangaza kwamba lugha hii kaisoma kutoka nje.

Sasa kati ya “violate” na “infringe”, tofauti ni ya nguvu. “Violate” inatokana na Kilatini “violare”, na ndani yake mna mabavu na kunajisi. Makaburi, madhabahu, usitishaji vita, haki za binadamu: hivyo vinakuwa “violated”. “Infringe” ina “frangere”, kuvunja, lakini katika matumizi ya leo ni kuvunja kwa pembeni, kumega kidogo kidogo, kusogeza uzio wa shamba la jirani hatua mbili usiku. Ndiyo maana hakimiliki, alama za biashara na hataza hupewa “infringe” karibu kila mara. Ukinakili wimbo wa mtu ukauza, hukumpiga, umemega mali yake. Na Wamarekani wanabishana mpaka leo juu ya maneno manne ya Marekebisho ya Pili ya Katiba yao, ya mwaka 1791, kwamba haki ya kumiliki silaha “shall not be infringed”. Nusu ya ubishi ni hilohilo neno: je, kumega kidogo tu nako kumo?

Kwa Kiswahili, “infringe” ikija na “on” au “upon”, yaani mtu anaingia eneo la mwenzake, mimi huandika “kuingilia”: kuingilia faragha, kuingilia uhuru. “Violate” naipa “kukiuka” au “kuvunja” kwa haki, “kunajisi” kwa mahali patakatifu. Na tahadhari moja kubwa. Usiseme kwa Kiingereza kwamba mtu fulani “violated” mtu mwingine ukiwa na maana ya kumkosea adabu. Likiwekwa kwa mtu, neno hilo husikika kama kubaka. Nimeona malalamiko ya kazini yaliyozua taharuki kwa sababu hiyo tu, kumbe bosi alikuwa amefoka.

Mpaka mwingine ni bahari ya Atlantiki. Mmarekani anapenda “violate” kwa mambo madogo kabisa: “parking violation”, “traffic violation”, “code violation” ya jengo. Mwingereza hapo angesema “contravention”, “offence” au “breach”. Kwa hiyo ndugu aliyeko Minneapolis akikutumia picha ya karatasi iliyoandikwa “violation”, usishtuke ukadhani kamkosea mtu haki zake za binadamu. Ameegesha gari vibaya.

Ukubwa wa neno si ukubwa wa kosa

Hili ndilo linalowapoteza wengi, maana “contravene” lina sauti ya gauni na wigi. Ukweli ni kwamba halipimi uzito kabisa. Nenda London. Ukiegesha gari kwenye mstari wa njano wakati usioruhusiwa, utakuta karatasi kwenye kioo, na juu yake kosa lako limeitwa “contravention”, lenye namba yake: 01 ndiyo ya kuegesha kwenye barabara yenye zuio katika saa zilizotajwa. Neno hilo lilichaguliwa makusudi. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Trafiki ya mwaka 2004, kuegesha vibaya huko kunashughulikiwa na serikali za mitaa kama suala la madai, kwa hiyo hawasemi “offence”, ambalo ni la jinai. Ukilipa ndani ya siku 14 unakatiwa nusu.

Wafaransa wameenda mbali zaidi. Kanuni yao ya adhabu inagawa makosa katika ngazi tatu: “crime” juu, “délit” katikati, “contravention” chini kabisa. Na hizo za chini zina madaraja matano, faini ya juu ya daraja la kwanza ikiwa euro 38 na ya daraja la tano euro 1,500. Majirani zetu waliorithi Kifaransa ofisini wanalijua neno hili barabarani kuliko mahakamani. Kigali ukisikia dereva analalamikia “contravention”, anazungumzia faini ya trafiki. Ndugu zetu wa Kongo vilevile.

Halafu neno hilohilo ndilo la Ibara ya 258 ya Kenya, ambako linaweza kuangusha sheria ya Bunge. Kutoka karatasi ya maegesho hadi Katiba, na halibadilishi hata herufi. Kwa hiyo ukitaka kuonyesha kwamba kosa ni kubwa, usitegemee “contravene” likubebee. Eleza kosa.

Wengine wawili, kwa haraka

“Transgress” ni kuvuka mpaka kwa hatua, na leo ni neno la dini na maadili zaidi ya ofisi. Ukiliandika kwenye barua ya onyo kazini utaonekana unahubiri. “Flout” ni kuvunja waziwazi kwa dharau, mtu anakutazama usoni huku anavunja. Ni zuri kwa habari za magazeti na lina hukumu ndani yake, kwa hiyo usilitie kwenye ripoti inayotakiwa isiegemee upande. Wala usilichanganye na “flaunt”, ambalo ni kuringishia.

Upande wa Kiswahili

Tangu 2021, Sheria ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, ilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria za Tanzania, suala hili limetoka kwenye ubishi wa wasomi likawa kazi ya kila siku. Na mazoea ni kuandika “kukiuka” kila mahali. Silipingi neno, ni zuri sana. Kukiuka, kabla ya sheria, ni kupita juu ya kitu kwa hatua: unakiuka mtaro, unakiuka gogo. Wazee wanaona vibaya kumkiuka mtoto aliyelala, wakisema utamdumaza. Ukiiangalia picha hiyo, kukiuka ni pacha wa “transgress”, kwa mwendo wake hasa. Lakini matumizi yamelisogeza hadi kwa “contravene”, na limekaa vizuri.

Limekaa vizuri kwa sababu linakubali mtendaji asiye mtu. Ushahidi ni Katiba ya Tanzania ya 1977, Ibara ya 64(5): endapo sheria nyingine yoyote “itakiuka masharti yaliyomo katika Katiba hii”, Katiba ndiyo itakuwa na nguvu. Sheria inakiuka sheria. Wakati huohuo Ibara ya 30(3), inayomfungulia mtu mlango wa Mahakama Kuu, inasema sharti la haki “limevunjwa, linavunjwa au inaelekea litavunjwa”. Toleo la Kiingereza hapo lina “violated”. Yaani katika Katiba yetu wenyewe, pale mtu anapolalamika ni kuvunja, pale maandishi yanapogongana na maandishi ni kukiuka. Si kanuni ya chuma, lakini ni mwelekeo mzuri wa kufuata, na umekuwepo nyumbani muda wote.

Kuna neno la tatu ambalo nalionea huruma: kuhalifu. Tumelibakizia “mhalifu” na “uhalifu”, basi. Kitenzi chenyewe tumekitupa. Mzizi wake wa Kiarabu ni uleule wa khilafu na hitilafu, kwenda tofauti, kwenda kinyume, kwa hiyo kwa maana ya ndani hakuna neno la Kiswahili lililo karibu na “contravene” kuliko hili. Biblia ya Union Version bado inalo, Mathayo 15:2: “Mbona wanafunzi wako huyahalifu mapokeo ya wazee?” Wasiwasi ni kwamba leo ukiandika “kampuni imehalifu kanuni ya 12”, msomaji ataona majambazi. Pia kuhalifu lina maana ya pili, kuacha nyuma baada ya kufa, na marehemu akihalifu watoto watatu hajawatendea jinai yoyote. Kwa hiyo nalipenda, nalisifu, na sikushauri ulitumie kwenye barua ya ofisi.

Kinachobaki ni “kinyume na”, ambacho mimi nakitumia kuliko vyote kwa “in contravention of”. “Jengo limejengwa kinyume na kanuni” ni Kiswahili kilichonyooka. “Jengo limejengwa katika ukiukaji wa kanuni” ni Kiingereza kilichovaa kanga. Hati za mashtaka zimetangulia hapo. Wizi, kwa mfano, unaandikwa kuwa ni kinyume na vifungu vya 258 na 265 vya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Na hapo Kiingereza chenyewe husema “contrary to”, hakisemi “in contravention of”. Anayeandika hati ya mashtaka asijitie ujuzi wa kubadilisha.

Kuhusu ukiukaji na ukiukwaji, wanaobishana ni wengi. Ukiukaji unamtazama mtendaji, ukiukwaji unakitazama kilichotendewa. “Ukiukwaji wa haki za binadamu” umeshazoeleka redioni na magazetini, uache ulivyo. Lakini ukimtaja mtendaji, sema “ukiukaji wa kanuni uliofanywa na kampuni”. Kwa mkataba sema kuvunja, kwa hakimiliki kukiuka, kwa faragha kuingilia, kwa ahadi kuvunja tena. Na pale sheria inaposema mtu hakutenda alichoagizwa, sema hakutekeleza.

Makosa ya Kiingereza ninayoyasahihisha kila wiki ni machache, na yanajirudia. “Contravene against the law”: ondoa “against”, tayari imo ndani ya “contra”. “In contravention to”: ni “of”, siku zote. Matamshi, mkazo uko mwisho: kontra-VIIN. Na usiseme mtu ame-“contravene” mtu mwingine. Kinachofuata neno hili ni sheria, kanuni, amri au sharti. Kwenye Kiingereza cha zamani ungeweza ku-“contravene” hoja, yaani kuipinga, ila leo kwa hilo andika “contradict” au “dispute”.

Barua ya majibu

Nilimtafsiria jirani yangu aya ya kwanza hivi: “Umevunja kifungu cha 7 cha mkataba wa pango.” Akashusha pumzi.

“Kumbe ni mkataba tu. Polisi hamna?”

“Hamna, mama. Itoe ile meza, au kaombe ruhusa ya maandishi.”

Aya ya pili ilikuwa inampa siku 14 kurekebisha. Ya tatu hakuna aliyekuwa ameisoma, kwa sababu ya kwanza ilishawamaliza nguvu. Ilisema kuanzia robo ijayo kodi ya fremu italipwa kwa dola za Marekani. Nikairudia mara mbili. Kanuni za Matumizi ya Fedha za Kigeni za mwaka 2025, zilizotungwa chini ya Sheria ya Benki Kuu ya Tanzania, zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni.

Tukaandika majibu kwa Kiingereza, kwa heshima. Meza imeondolewa, na kama palikuwa na “breach of clause 7”, imerekebishwa ndani ya muda. Kisha aya ya pili, fupi: “The demand for rent in United States dollars contravenes the 2025 Regulations on the use of foreign currency.”

Akaniomba nimsomee tena hiyo ya mwisho, polepole. Akanyoosha kidole kwenye skrini.

“Si lile neno lake?”

“Ndilo.”

“Liache hapohapo.”